Marehemu Naye Yuko Msibani

Kitabu ninachotaka tukizungumze leo kinaanzia kwa mbwa. Ni mbwa mdogo wa ndani, wa ile jamii yenye pua iliyobonyea, anaitwa Lucy, na yeye ndiye anayetufungulia hadithi. Nyumba imeingia msiba. Baba na mama wameshapata habari, na mbwa ameshaelewa kwamba Liz, msichana wa nyumba ile, harudi tena. Nimeupenda ujanja huo wa mwandishi. Binadamu siku kama hiyo wana simu za kupiga na wageni wa kupokea. Mbwa hana shughuli, kwa hiyo ndiye mwenye nafasi ya kukaa na chumba kilichobaki kitupu.

Riwaya yenyewe inaitwa Elsewhere, tuseme Kwingineko, na imeandikwa na Gabrielle Zevin, Mmarekani. Ilitoka mwaka 2005. Wengi wamekuja kumjua Zevin kwa kitabu chake cha mwaka 2022 kuhusu marafiki wanaobuni michezo ya kompyuta, lakini mimi bado moyo wangu uko kwenye hiki cha zamani, alichowaandikia vijana.

Hadithi ni hivi. Elizabeth Hall, kwao wanamwita Liz, anaishi Medford, mji ulio jirani na Boston, jimbo la Massachusetts. Ana miaka 15 na anaihesabia siku ile ya 16. Siku moja anapanda baiskeli kwenda madukani kukutana na rafiki yake, wakatafute gauni la sherehe ya shule. Hakuvaa helmeti. Teksi inamgonga, dereva anaondoa gari, basi. Anapofumbua macho yumo melini, kwenye kitanda cha chini, na kitanda cha juu yake kuna msichana mwingine, Thandi, ambaye nyuma ya kichwa ana tundu la risasi. Abiria wengine karibu wote ni wazee. Liz anadhani anaota, na kwa kurasa kadhaa anaendelea kushikilia kwamba anaota, kwa ubishi ule ule ambao mzazi yeyote mwenye binti wa miaka 15 anaujua. Kinachomshinda ni darubini. Kwenye sitaha kuna darubini za kutazamia duniani, naye anachungulia, anaona mazishi, na mazishi ni yake.

Meli inatia nanga Kwingineko. Hapo msikilizaji usitarajie malaika. Kuna mji, kuna ofisi, kuna mshauri wa wageni wapya mwenye mafaili yake mezani, kuna magari barabarani. Bandarini anapokewa na Bibi Betty, mama mzaa mama, aliyekufa kwa saratani ya matiti kabla Liz hajazaliwa. Alikufa na miaka 50. Sasa ana 34, kwa sababu sheria ya huko ni moja tu: miaka inarudi nyuma. Kila mmoja anapungua umri siku hadi siku mpaka anakuwa kichanga, na kichanga kinafungwa nguo, kinaachiwa na maji ya mto, kinarudi duniani kuzaliwa upya bila kukumbuka chochote.

Nataka tukae kidogo kwenye sheria hiyo, maana ndiyo roho ya kitabu. Kwa mzee, kufa namna hiyo ni kupandishwa cheo. Mgongo unanyooka, magoti yanaacha kuuma, meno yanarudi. Bibi Betty anapendeza kila mwaka, na mbele ya safari anaolewa na mwanamuziki wa roki aliyekufa kwa dawa za kulevya, ambaye huko ameacha gitaa na kazi yake ni uvuvi. Lakini mpe sheria hiyo hiyo binti wa miaka 15. Kesho ana 14. Ile 16 aliyokuwa akiingoja haiji. Leseni ya udereva, chuo, mapenzi ya utu uzima, kuwa na nyumba yako na ufunguo wako, vyote vimefungwa kwa mbele, na nyuma yake kuna nini? Utoto, ambao alishaupitia na hakuulilia. Zevin hana haja ya moto wala minyororo. Kamwambia kijana rudi ulikotoka, na kijana yeyote anajua kwamba hiyo ni adhabu.

Kwa hiyo Liz ana hasira. Anamnunia bibi yake, anakataa kazi, anakwenda kwenye zile darubini asubuhi anarudi usiku. Huko darubini hazitazamwi bure, zinalishwa sarafu, na kila sarafu ina dakika zake, kisha kioo kinafunga. Anatumbukiza. Anatumbukiza tena. Anawatazama wazazi, anamtazama mdogo wake Alvy. Bibi anamkopesha, mpaka anaona kwamba mkopo huu unamdhuru mjukuu. Sisi tumezoea kuwauliza waliobaki wataishije bila marehemu. Zevin anageuza mkeka upande wa pili: marehemu naye amefiwa. Amefiwa na watu wote aliowajua, kwa mkupuo mmoja, na hakuna aliyekuja kumpa pole.

Nikiwa mtu wa redio, hapa kuna jambo linanigusa. Nyinyi mnayajua matangazo ya vifo. Familia ya fulani wa mahali fulani inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, mazishi yatafanyika siku fulani, habari ziwafikie kina fulani na fulani popote walipo. Mzee anapofariki tangazo lina nyama. Utasikia alikuwa diwani, alikuwa mwenyekiti wa ushirika, ameacha wake, watoto, wajukuu na vitukuu, na msomaji anavuta pumzi katikati ya orodha. Akifa mtoto wa sekondari tangazo ni fupi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu, mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani. Wasifu wake ni wa watu wengine. Mambo aliyokuwa nayo yeye mwenyewe, kwamba alikuwa hajazungumza na rafiki yake wiki mbili kwa sababu ya ugomvi wa kijinga, kwamba alikuwa na sweta amelificha kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya baba, hayo hayana nafasi kwenye tangazo.

Hilo la sweta silitungi, limo kitabuni. Huko Kwingineko kuwasiliana na walio hai ni kosa la jinai, kuna idara inayowakamata wanaojaribu. Njia ya magendo ni kupiga mbizi baharini mpaka kwenye kisima kilicho chini kabisa, na sauti ya marehemu inatokea duniani kwenye mabomba ya maji. Liz anazama na nia moja, kuwaambia watu wake kwamba aliyemgonga alikimbia, wamtafute. Anapofika, anayemsikia ni Alvy, mdogo wake, kwenye maji ya bomba. Katika wakati ule mfupi linalotoka kinywani ni habari ya sweta, liko chini ya mbao za sakafu ya kabati lake, wampe baba. Nimesoma mahubiri mengi juu ya upendo wa familia ambayo hayafiki hapo.

Watazame pia rafiki za marehemu kwenye misiba yetu. Mtoto wa shule akifa, wenzake darasani ndio wanaobeba viti, wanaofunga turubai, wanaoelekeza magari, wanaogawa maji ya chupa. Wanapewa kazi kwa sababu hatujui tuwape nini kingine. Mfiwa kwetu ni wa damu au wa ndoa. Aliyekaa dawati moja na marehemu miaka mitatu, aliyejua siri zake zote, jina la huzuni yake halipo. Akiuliza swali tunamjibu kazi ya Mungu haina makosa, na swali limezikwa hapo hapo. Sisemi jibu hilo ni baya. Limewashika watu wazima wengi wasianguke. Ila mtoto wa miaka 15 analisikia kama mlango unaofungwa, na vitabu vya namna hii vinamfaa kwa kuwa vinamruhusu akae na swali lake kurasa mia mbili na ushei kabla ya mtu kumwambia nyamaza.

Sasa najua kuna shekhe au padri ameshanyoosha mkono kwenye simu. Shekhe wangu, subiri kidogo. Ni kweli kitabu hiki hakina hesabu. Hakuna Munkar na Nakir, hakuna kiti cha enzi, hakuna kondoo kulia na mbuzi kushoto. Wasomaji wa dini zote mbili watagongana nacho, na kile kisa cha kurudi kuzaliwa upya hakitapita msikitini wala kanisani. Nakichukua kama hadithi, kama tulivyochukua hadithi za sungura anayezungumza bila kuanzisha dini ya sungura. Lakini kukosekana kwa hesabu kunamgharimu Zevin hata kama hadithi, nami nitarudi huko.

Kwanza tujitazame wenyewe, maana wafu wetu katika vitabu vya Kiswahili hawajawahi kukosa kazi. Said Ahmed Mohamed mwaka 2001 alitupa Babu Alipofufuka. Babu anatoka kaburini kuja kumkabili mjukuu wake, kigogo mmoja aliyenona juu ya migongo ya watu. Huyo ndiye mzimu tunaoufahamu: mzee, mwenye haki, anarudi kwa sababu sisi tulio hai tumeharibu. Muhammed Said Abdulla, kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, alitumia hofu hiyo hiyo akaikabidhi kwa Bwana Msa na kiko chake, tukapata upelelezi. Mzimu kijana, mzimu uliokufa haujafanya lolote la kujivunia wala la kutubia sana, ni adimu.

Adimu, lakini yupo mmoja, na ni mkubwa. Rosa Mistika, wa Euphrase Kezilahabi, 1971. Kitabu kile kiliwahi kuzuiwa shuleni kwa sababu ya mambo ya mwili yaliyomo, baadaye kikarudi kwenye orodha ya kusomwa. Watu wanakikumbuka kwa marufuku hiyo, kwa kisiwa cha Ukerewe, kwa ukali wa baba Zakaria. Wanasahau kinavyoishia. Rosa amejitoa uhai, baba naye ameshakufa, na Kezilahabi hawaachi makaburini. Anawasimamisha wote wawili mbele ya Mungu, baba na binti, wanalaumiana nani aliyeyaharibu maisha ya Rosa. Zaidi ya miaka thelathini kabla ya Zevin, Kiswahili kilikuwa na msichana aliyekufa akizungumza kwa kinywa chake mwenyewe.

Tofauti ni mahali alipopelekwa. Rosa alipelekwa mahakamani. Liz alipelekwa kutafutiwa kazi, akaipata, idara ya wanyama wa nyumbani, kwa sababu ana kipaji cha kuzungumza na mbwa, na jioni bibi yake anamfundisha kuendesha gari. Rosa hata baada ya kufa bado anajieleza kwa baba. Sijui kama nimewahi kuona mahali panapoonyesha wazi zaidi tunavyowalea mabinti zetu. Mtoto wetu hata ahera anakwenda na kesi.

Marehemu John Mbiti, mwanafalsafa na mchungaji wa Kenya, kwenye kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alilieleza suala la wafu kubaki nasi kwa maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Aliyekufa, kwa maelezo yake, anabaki ndani ya Sasa maadamu yuko aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho anayemkumbuka, marehemu anazama kwenye Zamani. Ndiyo maana ya ndoa, ndiyo maana ya watoto, ndiyo maana ya kumwita mjukuu jina la babu. Wazo hilo limesafiri mbali. Kevin Brockmeier, Mmarekani mwingine, alilijengea riwaya nzima mwaka 2006, mji wa wafu ambao raia wake hudumu maadamu kuna anayewakumbuka duniani, na mwanzoni mwa kitabu yamewekwa maneno hayo mawili, ingawa Sasa yetu imeandikwa Sasha, kama jina la binti wa Kirusi.

Lakini upime mpango huo kwa kijana. Aliyekufa na miaka 15 hana mtoto wa kulitaja jina lake, hana mjukuu wa kulirithi. Kwa mujibu wa Mbiti, huyo ndiye yuko kwenye hatari kubwa kuliko wote. Zevin, ambaye sidhani kama alikuwa akimjibu Mbiti, ameipindua kamba: kwake wafu ndio wanaokumbuka, na shida yao ni kwamba hawawezi kuacha. Kukumbukwa kunafifia kwenyewe. Kukumbuka inabidi uamue. Siku Liz anapozipa mgongo darubini, anapokubali kumlea mbwa, anapompenda kijana mmoja aitwaye Owen, ndipo hadithi inapoondoka bandarini kwa kweli.

Na Owen ana kisa chake, nitakipitia haraka kisije kikawaharibia utamu. Alikuwa zimamoto New York, alikufa na miaka 26, akiwa na mke. Anapokutana na Liz ameshapungua, ana 17. Kisha mke anakufa kwa mafua, anawasili na miaka 35. Fikiria mapokezi hayo bandarini. Mume ni kijana wa sekondari, mke ni mama mtu mzima, wote wawili wanapendana na hakuna aliyemkosea mwenzake. Mwandishi mwingine angeigeuza vichekesho. Zevin anawaacha wakae meza moja, wajaribu, mpaka wenyewe waone.

Sasa nirudi kwenye malalamiko yangu. Mji usio na hakimu ni mzuri kwa aliyekufa kwa ajali ya baiskeli. Je, Thandi? Yule mwenye tundu la risasi kichwani? Kitabu kinamweleza kama rafiki mchangamfu, tundu linaziba taratibu kwa jinsi miaka inavyorudi, na maisha yanaendelea. Mtu alimpiga risasi mtoto, na huko Kwingineko hilo ni jambo la kitabibu tu. Wakati huo huo Alice Sebold, katika The Lovely Bones ya mwaka 2002, alikuwa amemweka mbinguni msichana wa miaka 14 aliyeuawa na jirani, na kurasa zake zote zinatetemeka kwa swali la muuaji. Sebold hakulijibu vizuri, kwa maoni yangu, lakini alilibeba. Zevin alilitua chini.

Halafu kuna dereva. Huyu ndiye ninayetaka mnipigie simu juu yake. Liz anamtazama kwa darubini akitafuta mtu wa kumchukia, anamwona baba wa mtoto aliyekuwa mgonjwa, mtu wa kawaida, mwenye wasiwasi. Mwishowe anamwachilia. Hamtaji. Wapitiaji wa vitabu wengi hupenda mahali kama hapo, kijana amekomaa, amesamehe.

Mimi pananikaa vibaya. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuwaua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na kwa ujumla zinaua takriban watu milioni 1.19 kila mwaka. Wengi wao ni wanaokwenda kwa miguu, kwa baiskeli, kwa pikipiki, yaani ni Liz, na ni watoto wetu juu ya bodaboda, watatu mshikaki, helmeti moja imetundikwa kwenye usukani. Kwetu dereva akikimbia inawezekana anakimbilia kituo cha polisi, anaogopa wananchi wenye hasira kali, na nimewahi kuona kwa macho yangu kwa nini anaogopa. Dereva wa Boston hana kisingizio hicho. Alimwacha mtoto barabarani.

Liz ana haki ya kusamehe lililo lake. Lakini aliyegongwa hakuwa wa kwake peke yake. Kuna Alvy, ambaye ameachiwa kuwa mtoto pekee ndani ya nyumba. Kuna baba, amevaa sweta. Na kuna mama, Olivia, ambaye alikwisha kumzika Betty, mama yake mzazi, sasa amemzika na binti, na wote wawili wako bandarini ng'ambo ya pili wanasomeshana udereva bila yeye kujua. Uamuzi wa kumwachilia dereva Liz anaufanya peke yake, kwa niaba ya watu wote hao. Ningempa Zevin sura moja zaidi, fupi, mama yuko jikoni, bomba linatiririka, na swali anaulizwa yeye.